Papa, hapa tunakula wapi? Vyungu vya Kalemie na watu waliovileta

 

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, boti zinazotoka upande wa Kivu zimekuwa zikishusha watu hapa kwetu, mmoja na godoro, mwingine na sufuria, mwingine na mtoto tu mgongoni. Mimi nasimama pale na kalamu yangu nikidhani wataniambia habari za vita. Vita wanavijua kuliko mimi, na hawana hamu ya kuvisimulia asubuhi. Wanachoniuliza ni hiki: "Papa, hapa tunakula wapi?"

Mara ya kwanza nilijibu kwa kidole: pale, chini ya ule mwembe. Baadaye nikaona jibu la kidole halitoshi. Kila mahali pa kula katika mji huu pana mtu aliyeteleka chungu cha kwanza, na karibu wote waliofanya hivyo walikuwa wageni, wengi wao wageni wasiopenda. Ukitaka kujua kwa nini bukari inauzwa hapa na si pale, kwa nini siku fulani hakuna ndagala kabisa, na kwa nini mwenye nganda ya mchangani amehamisha viti vyake mara tatu, lazima urudi nyuma. Leo najibu kwa kirefu.

Tuanze na mchanga wenyewe. Pale ambapo jioni watu wanakaa kwenye viti vya plastiki wakingojea samaki achomwe, miaka 150 iliyopita palikuwa chini ya maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa hapa Kalemie. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Stanley alikuja mwaka 1876, naye akaona maji bado hayajapata njia ya kweli. Ziwa lilikuwa linapanda, na waliokaa karibu na maji walikuwa wanarudi nyuma. Mnamo 1878 maji yalivunja kile kizuizi, na mwaka uliofuata mmisionari Hore aliuona Lukuga ukikimbia kwa nguvu kuelekea magharibi, kwenda kukutana na Lualaba. Katika muda wa miaka kama 15 ziwa lilishuka karibu mita 10. Hapo ndipo pwani yetu ilipozaliwa. Ni pwani changa, na ziwa halijasahau kwamba lilikuwa lake. Jambo hili nitalirudia.

Wakati huo mji haukuwapo. Walikuwapo Waholoholo, Watabwa na wengine, na mitumbwi yao, na ndagala zao. Kaskazini kidogo palikuwa na Mtoa, mahali ambapo misafara iliyotoka Ujiji ilitua baada ya kuvuka ziwa, kisha ikashika njia ya Maniema kuelekea Kasongo na Nyangwe. Ilitafuta pembe za ndovu, na ilitafuta watu. Wengi waliovushwa kwenda upande wa pili hawakurudi.

Chakula cha misafara hiyo kilikuwa cha kununuliwa njiani, na soko lake kubwa lilikuwa Ujiji. Pale paliuzwa dagaa wakavu wa ziwa, mafuta ya mawese, na chumvi iliyopikwa Uvinza, bara ya Kigoma, ambayo ilisafiri kuzunguka ziwa lote. Tazama basi sahani ya malewa ya leo: ndagala wakavu, mawese, chumvi. Hiyo sahani ni kongwe kuliko kila nyumba iliyoko Kalemie.

Wali ulikuja kwa njia hiyo hiyo ya mashariki. Wangwana na mabwana zao walipanda mpunga Maniema, na mpaka leo Maniema ni nchi ya mpunga. Ndiyo sababu ukikaribishwa Idi katika nyumba ya Kiislamu hapa Kalemie, utapewa pilau ambayo mtu wa Ujiji au wa Unguja ataitambua kwa pua kabla hajafunguliwa mlango. Bukari ilitoka upande mwingine. Muhogo na mahindi vililetwa na meli za Wareno kutoka Amerika, vikaingia kwa pwani ya Atlantiki, vikasogea polepole kutoka shamba moja mpaka jingine hadi huku. Watu wakigombana mezani kama chakula cha kweli ni wali au bukari, mimi hucheka kimoyomoyo. Vyote viwili vilifika kwa miguu, kimoja kutoka kulia, kingine kutoka kushoto.

Mnamo Desemba 1891 kapteni Mbelgiji aitwaye Jacques alijenga boma kwenye mwambao huu akaliita Albertville, kwa heshima ya Albert ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walilizingira. Vita hivyo vina vitabu vyake. Kwa habari yetu ya chakula, jambo kubwa liko kusini kidogo, Mpala, ambako Mapadri Weupe walikuwa tangu 1885. Wengi wa watu waliokaa kwenye misheni ile walikuwa wamekombolewa kutoka kwa wauza watumwa. Hawakuwa na ukoo pale wala shamba la babu. Walipewa jembe na kipande cha ardhi, wakaanza kupika pamoja na watu ambao lugha zao hawakuzijua, na waliloelewana nalo ni Kiswahili. Sisemi hivyo ili kuwasifu mapadri. Nasema kwa sababu wanaokaa leo kwenye hema na kudhani wao ni wa kwanza kufika mwambao huu mikono mitupu, si wa kwanza.

Mji wenyewe uliletwa na reli. Mwaka 1914 reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika hapa. Katikati yake ni maji tu. Tangu siku hiyo, mtu au mzigo uliotoka Katanga kwenda Bahari ya Hindi ulipita hapa, ukangoja meli hapa. Na mtu anayengoja meli lazima ale.

Hapo zikazaliwa sehemu mbili za kula ambazo hazikujuana. Karibu na maji palikuwa na hoteli na meza za wazungu, zenye vitambaa vyeupe, na samaki mkubwa aliyeletwa na mpishi mweusi ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kukaa. Usiku mtu mweusi hakutakiwa kuonekana kule bila karatasi. Ng'ambo, kwenye cité, mfanyakazi wa reli, wa poti, baadaye wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf na wa machimbo ya makaa ya mawe ya Makala, alikula posho. Neno hilo posho vijana wa leo wanalisikia kama malipo ya semina. Kwa babu zao lilikuwa bunga lililopimwa kwa kopo, maharage, samaki mkavu, chumvi na mafuta, kila juma, mkononi mwa kampuni.

Bunga halijipiki. Vijana wengi walikuwa wameandikwa kazi kutoka mbali, bila mke. Wazee wanasimulia kwamba mwanamke mmoja akaanza kupikia watano, wao wakatoa bunga na yeye akatoa kuni, mboga na mikono, na mwisho wa mwezi wakamlipa. Hakuna ubao, hakuna jina, hakuna kodi. Nikiulizwa ni mgahawa gani wa zamani kuliko yote Kalemie, mimi sitaji hoteli. Nataja ule uwanja wa nyuma ya nyumba, mawe matatu na wanaume watano waliochoka.

Sasa tuje kwa samaki, kwa sababu mtu hafiki Kalemie kula nyama ya ng'ombe.

Ndagala anavuliwa usiku, kwa mwanga. Zamani mvuvi alibeba kuni ndani ya mtumbwi, akawasha moto mbele, ndagala wakapanda kuutazama, akawachota na lusenga, wavu wenye mpini mrefu kama kijiko kikubwa. Miaka ya 1950 zilienea taa za karabai, na mitumbwi miwili ikafungwa pamoja ikashusha wavu mkubwa katikati. Miaka hiyo hiyo, kaskazini mwa ziwa, Wagiriki walileta meli zenye nyavu za kuzungushia. Siku hizi taa ni za betri na za jua. Ila kanuni haijabadilika: taa ya mvuvi lazima iwe mwanga mkubwa kuliko wote majini. Mwezi ukiwa mpevu, taa inashindwa, ndagala wanatawanyika, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu.

Wageni hawalijui hili, na mimi nimeona ugomvi kwa sababu yake. Juma moja lililopita nilimfuata baba mmoja wa Bukavu, mwalimu, tukaingia kwenye malewa moja karibu na soko la Kataki. Malewa, kwa asiyejua, ni mahali pa mama anayepikia watu wa njia. Neno lilitufikia kutoka Kinshasa, kitu chenyewe tulikuwa nacho. Mama akatukaribisha:

"Ba papa, mukale. Bukari iko, sombe iko, maharage iko."

"Mama, ndagala mubichi?"

"Ndagala mubichi hakuna, papa. Mwezi uko mukubwa."

Mwalimu akanigeukia akasema kwa sauti ndogo kwamba wanamficha kwa sababu yeye ni mkimbizi. Nikamtoa nje, nikamwonyesha juu. Ilikuwa mchana, mwezi haukuwapo, akacheka. Lakini usiku alienda mwenyewe mpaka ufukweni, akaona mitumbwi imepinduliwa juu ya mchanga kama viatu vya wageni mlangoni, na mwezi mzima juu ya maji. Kesho yake alikula ndagala wakavu bila neno.

Basi kwanza mjue kalenda. Giza la mwezi ni siku za ndagala wabichi, rahisi, wengi, wa kukaanga. Mwezi mpevu ni siku za ndagala wakavu. Hao wakavu wanaanikwa mchangani au kwenye chanja, jua kali siku moja mpaka mbili. Waliokauka kwenye chanja hugharimu zaidi na haufanyi kazi ya kutema mchanga. Wakati wa mvua jua linakosa nguvu, ndagala wengi wanaoza kabla hawajakauka, na bei inapanda. Kiangazi, upepo wa kusini unakoroga ziwa, chakula cha samaki kinapanda juu, na samaki nao wanafuata.

Kuna na wakubwa. Mikebuka, ambaye ndugu zetu wa Uvira na Bujumbura wanamwita mukeke, ndiye samaki wa mchana wa mji huu: anakaangwa mzima au anachomwa, anakuja na bukari na pilipili. Sangala ni mkubwa zaidi, anauzwa vipande. Kuhe ni samaki wa sherehe. Nyama yake ni nyeupe, na mtu akikuagizia kuhe nzima jioni pale mchangani, na makemba ya kukaanga pembeni, ujue ana ombi.

Hapa nataka kuongea na watu wa Goma, Bukavu, Kalehe, Idjwi. Nawasikia mnasema hapa hakuna sambaza. Ndugu zangu, sambaza wenu ni mtoto wa hapa. Ziwa Kivu halikuwa na samaki huyo. Kati ya 1958 na 1960, katika kazi iliyoongozwa na Mbelgiji Collart, vifaranga zaidi ya 50,000 vya ndagala vilivuliwa Ziwa Tanganyika, vikapandishwa Kivu na kumwagwa katika maji ambayo hayakuwa na samaki wa kuishi katikati ya ziwa. Aina zilizopelekwa zilikuwa mbili. Moja haikuweza. Ya pili, ambayo huku wengi wanaiita lumpu, ilikaa, ikazaa, na baada ya miaka ikawa chakula cha mamia ya maelfu ya watu. Mliyempa jina la sambaza ni huyo. Alihamishwa bila kuulizwa, akapewa jina jipya, akawa mwenyeji. Siku ya ndagala wabichi, muombeni mama wa malewa awachagulie lumpu, wale walio wanene kidogo, awakaange kwa mafuta mengi na chumvi. Mama mmoja wa Goma alionja mbele yangu, akaweka kichwa chini, hakusema kitu mpaka sahani ikaisha.

Nirudi kwa vyungu. Uhuru ulikuja, na vita vyake. Mwaka 1964 waasi wa Soumialot waliuchukua mji mwezi wa sita, na mwezi wa nane jeshi la serikali likaurudisha. Mwaka 1966 jina la Albertville likafutwa, tukawa Kalemie. Meza za wazungu zilikuwa tayari zimefunguliwa kwa kila mwenye pesa, ila wenye pesa walikuwa wachache. Kisha mwaka 1973 Mobutu akatangaza zairianisation, maduka ya wageni yakagawiwa, na mengi yakafa mikononi mwa waliogawiwa. Mshahara ukaanza kuchelewa mwezi, halafu miezi. Treni ikawa inakuja inapotaka. Filtisaf ikafunga.

Ndipo malewa zikatoka uwanja wa nyuma zikaja barabarani. Mke wa mtu wa reli, ambaye mshahara wa mumewe haukuonekana, alichukua sufuria yake akaipeleka stesheni. Mke wa mtu wa kiwanda akakaa kwenye mlango wa kiwanda hata baada ya kiwanda kufungwa, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kupita pale. Hiyo ndiyo sababu, ndugu wasomaji, mpaka leo utakuta bukari nzuri mahali ambapo hakuna kazi tena. Chungu kilibaki, mshahara ukaondoka. Mimi naona hao akina mama ndio waliolisha mji huu miaka 30, na sijaona barabara hata moja yenye jina la mmoja wao.

Vita vya 1996 na vya 1998 vilivusha watu wengi kwenda Kigoma. Walikaa Nyarugusu, Lugufu, miaka mingi, wakila mahindi na maharage ya mgao. Kuanzia 2005 HCR ilianza kurudisha watu mwambao huu kwa meli. Waliporudi walikuja na mikono mingine. Chapati za kukunjwa zenye tabaka, wali maharage unaouzwa asubuhi, chai yenye tangawizi: ukivikuta hapa kwenye meza ndogo na mama akakuambia "karibu, kaka" badala ya "karibu, papa", huyo ana miaka yake Kigoma. Msimcheke lafudhi. Ameilipia.

Halafu 2016. Hapo nasikia uzito, kwa sababu hao hawakuja kwa boti, walikuja kwa miguu kutoka vijiji vyetu wenyewe, wakati Watwa na Waluba walipoanza kuuana. Mwaka 2017 jimbo letu la Tanganyika lilikuwa na zaidi ya nusu milioni ya watu waliokimbia makwao. Kambi zilizunguka mji: Katanyika, Kalunga, Moni na nyingine. Mtu wa shamba alikuja mjini kununua muhogo, yeye ambaye mwaka uliotangulia aliuza. Wanawake wa kambi waliingia mjini alfajiri, wakaosha vyombo kwenye malewa, wakachota maji, wakatwanga sombe, wakalipwa kwa ukoko wa bukari na mchuzi uliobaki. Niliandika wakati ule, na sikuandika vya kutosha, kwamba mchuzi uliobaki si mshahara. Wengine hatimaye walinunua sufuria. Mbili kati ya malewa ninazokula leo ni zao. Mwenye malewa mmoja ni Mtwa, anapika karibu na Mluba, na saa sita mchana wanakopeshana chumvi. Jioni kila mmoja anarudi upande wake.

Niliahidi kurudia habari ya maji. Ziwa limepanda tena. Kuanzia 2020 maji yaliingia kwenye nyumba za chini, na mwaka 2024 yakapanda kuliko miaka mingi nyuma, hapa, Uvira, Bujumbura, mwambao mzima. Nganda za mchangani zilizokuwa na paa la nyasi na muziki zilibaki nguzo tu ndani ya mawimbi. Mchanga wa kuanikia ndagala ukapungua. Wenye vyombo walirudi nyuma mpaka barabarani, wenye barabara wakawafukuza, wakaenda ng'ambo. Mzee mmoja mvuvi aliniambia hana la kushangaa: ziwa linakuja kuchukua kiwanja chake.

Na samaki wenyewe wamepungua. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wanaishi juu tu, katika mita 100 mpaka 200, kwa sababu chini hakuna hewa. Mwaka 2003 wataalamu waliandika kwamba joto la dunia linazuia maji kukorogana kama zamani, na kwa hiyo chakula cha samaki kinabaki chini. Ongeza nyavu za matundu madogo zinazobeba hata watoto wa samaki, ongeza wavuvi wapya, na kati yao ni watu waliokimbia mashamba na hawana kazi nyingine. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga kwa tarehe hizo. Mimi naunga mkono. Ila ninaomba wakubwa wanaofunga ziwa wakumbuke malewa. Miezi hiyo mama anabaki na thomson wa barafu aliyetoka bahari ya mbali, bei juu, na mteja wake ni mtu wa kambi.

Sasa jibu lenyewe, kwa wale walioshuka juzi.

Alfajiri nendeni pale mitumbwi inapotua. Kuna uji wa mahindi, mandazi ya moto, chai. Mvuvi anakula hapo, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza unatoka wapi. Mama mwenye watoto akisaidia kupakua samaki au kuanika, mara nyingi hupewa kopo la ndagala. Si sheria, ni desturi, na ni vizuri kuuliza kwa adabu kabla ya kuinama.

Mchana ni Kataki na kando ya stesheni. Ulizeni bei kabla ya kukaa. Semeni kama mnataka bukari ya muhogo, ya mahindi au ya kuchanganya, kwa maana mtu wa Kivu akipewa ya muhogo mtupu siku ya kwanza analalamika inavutana. Lenga-lenga na sombe ni rahisi kuliko samaki. Sahani moja ya watu wawili inakubalika, mradi mseme mapema. Maji ya kunywa yaliyoko kwenye ndoo, ulizeni yametoka wapi: kipindupindu kimetutembelea mara nyingi mno.

Jioni ni mchangani, palipobaki. Pale panakaa watu wa mashirika, wafanyabiashara na wenye sherehe, chupa ya Simba mezani na kuhe juu ya makaa. Nilimpeleka pale yule mwalimu wa Bukavu siku niliyolipwa. Kijana wa kuhudumu alimtazama viatu, akatuambia tulipe kwanza. Meza nyingine hawakuambiwa. Nililipa, tukala, samaki alikuwa mtamu, na bado naikumbuka ile sauti. Wenye nganda wanaosoma hapa, ongeeni na vijana wenu.

Yule mwalimu ameleta mke wake sasa. Wamepata sufuria mbili na meza moja, na wamekaa kwenye njia ya poti, mkono wa kushoto ukishuka. Mke anakaanga lumpu, na kwenye kipande cha karatoni ameandika kwa mkaa: SAMBAZA. Watu wa Kalemie wanasimama, wanasoma, wanauliza sambaza ni nini. Anawaonyesha sufuria. Wanacheka, wanasema hao ni ndagala, wanakula.

Juma hili hana kitu, anauza mandazi tu. Mwezi umeanza kupungua. Siku tatu, nne, mkisikia mabeseni yanagongana kule chini kabla ya jogoo, mitumbwi imerudi na mzigo.